Biskuti Alizokataa Koplo

Jumatatu, 1 Desemba

Nimehamia kwa dada leo saa nne asubuhi, nikiwa na begi moja, magongo mawili na mguu wa kulia uliofungwa plasta hadi gotini. Nilivunjika kwenye ngazi za ukumbi nilikokwenda kuripoti mkutano kuhusu usalama wa majengo. Mhariri wangu alicheka sana kwenye simu, kisha akauliza kama nimepata picha.

Daktari anasema wiki sita. Nimeandika habari kwa miaka thelathini na moja na sijawahi kukaa nyumba moja wiki sita mfululizo. Nitaandika shajara hii, mkono usije ukasahau kazi.

Dada ni mkubwa wangu kwa miaka minne. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho bekari: oveni moja ya gesi, meza ndefu ya bati, dirisha la kuuzia mkate. Kitanda changu kiko chumba cha nyuma, pamoja na magunia ya unga. Ameniambia nisiguse kitu.

Jumanne, 2 Desemba

Mvua kutwa. Sikugusa kitu.

Jumatano, 3 Desemba

Mpwa wangu, binti pekee wa dada, anafanya kazi katika kliniki ya wanyama mtaa wa pili. Amekuja na ombi. Kila mwisho wa mwaka kliniki huwapa wateja wake mfuko wa biskuti za mbwa kama zawadi ya sikukuu. Mwaka huu daktari anataka ziokwe hapa hapa mtaani. Mifuko themanini, ifike tarehe ishirini na tatu.

Dada aliendelea kukanda unga. Kisha akasema amelisha watu miaka ishirini na sita, sasa ameshushwa cheo. Lakini alikuwa tayari anatafuta penseli.

Alhamisi, 4 Desemba

Toleo la kwanza: chokoleti, zabibu kavu, sukari, siagi. Mpwa ameingia, amesoma karatasi ya vipimo, ameibeba trei nzima na kuimwaga kwenye pipa. Chokoleti ni sumu kwa mbwa. Zabibu pia.

Dada aliuliza sikukuu bila zabibu ni sikukuu gani.

"Ya kuishi, mama," mpwa akamjibu.

Jumamosi, 6 Desemba

Toleo la pili. Maini yaliyochemshwa na kusagwa, unga wa ngano usiokobolewa, mayai, karoti. Hakuna chumvi, hakuna sukari. Nyumba inanuka kama bucha lililoungua.

Dada haonji. Anasema yeye huonja kwa pua, na kwamba hajafikia umri wa kula vitu vya mbwa. Kazi ya kuonja nimepewa mimi kwa kuwa nakaa bure. Nimetafuna moja mbele yake na kutoa taarifa: ngumu kama kigae, ladha ya ini, mwishoni karoti kwa mbali. Akataka niseme ni nzuri. Nikamwambia siandiki nisichokiona.

Jumapili, 7 Desemba

Toleo la tatu limejaribiwa kwa mbwa wa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Kala sita. Kisha kala mfuko. Kisha kaanza kulamba mkono wa dada mpaka kwenye kiwiko. Dada ameingia ndani akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Jumanne, 9 Desemba

Leo ameletwa Koplo.

Ni mbwa mkubwa, mweusi mgongoni, kahawia miguuni, masikio yamesimama. Miaka minane amelinda geti moja la bohari akiwa na mlinzi mmoja. Mwezi uliopita mlinzi huyo alipasuliwa uti wa mgongo, akaacha kazi, akahamia kwa bintiye mji mwingine, ghorofa ya tatu, mahali pasiporuhusiwa mbwa. Kampuni ya ulinzi ilijaribu kumpa Koplo mlinzi mwingine. Koplo hakumuuma wala hakumbwekea. Aliacha tu kula. Kampuni ikampeleka kliniki, na mpwa akamleta kwa mama yake kwa siku tatu, ili abadilishe hewa.

Alipofika alikuwa na kilo thelathini na moja. Kadi yake ya mwaka jana inasema thelathini na nane.

Dada alimzunguka mara mbili. Akasema mbwa hakai ndani ya bekari. Nikamweleza kuwa nje kunanyesha. Akasema anaiona mvua, ana macho. Koplo amelala kwenye korido, juu ya gunia tupu, kichwa akielekeza mlangoni.

Alasiri dada alimpelekea biskuti nne kwenye kisahani. Koplo alizinusa, akamtazama dada usoni, akageukia ukuta.

Jumatano, 10 Desemba

Koplo hajala. Dada anasema ni ugeni.

Alhamisi, 11 Desemba

Hajala. Dada anasema ni karoti. Toleo la nne halina karoti.

Ijumaa, 12 Desemba

Hajala. Siku tatu zimekwisha. Hakuna aliyetaja.

Jumatatu, 15 Desemba

Matoleo ya tano, sita na saba yametoka ndani ya siku mbili: boga, siagi ya karanga, samaki mkavu. Hili la samaki limewavuta paka kumi na mmoja dirishani na kumkimbiza mteja mmoja wa mkate. Mbwa wa fundi viatu amekula yote matatu bila ubaguzi. Mbwa wa mwalimu mstaafu amekula. Mbwa asiye na mwenyewe anayelala chini ya meza ya muuza magazeti amekula, akarudi, akajifanya mwingine, akala tena.

Koplo: kilo ishirini na tisa na nusu.

Dada ameanza kulichukulia kama jambo la heshima. Anasema mtaa mzima unakula, na huyu aliye chini ya paa lake anamtia aibu. Nilimwambia mbwa hana habari na aibu. Akanijibu kuwa nimekaa sana na wanasiasa.

Jumanne, 16 Desemba

Mpwa anamlisha Koplo uji kwa bomba la sindano, mara mbili kwa siku, akiusukuma pembeni mwa meno. Koplo anauvumilia kama mzee anayepimwa presha. Nusu unaingia, nusu unabaki kwenye sweta ya mpwa.

Leo daktari mwenyewe alikuja kumpima. Ni mwanamke mfupi, msema kweli, na nilimpenda kwa hilo. Amesema tumbo ni zima, meno ni mazima. Uji unachelewesha tu. Kliniki itafungwa kwa likizo Jumamosi tarehe ishirini na saba, saa sita mchana. Kama hadi saa hiyo Koplo hajala kwa hiari yake, atamchoma sindano ya mwisho, kwa sababu hatamwacha afe kwa njaa wiki mbili huku yeye yuko likizo.

Dada aliuliza kama daktari ana hakika na hesabu zake. Daktari akasema anayo. Dada akasema basi amwache afanye kazi, akaenda kusaga maini.

Alhamisi, 18 Desemba

Toleo la tisa. Mimi ndiye bado ninayeonja. Niseme wazi kwamba la nane lilikuwa bora.

Nimepiga simu tano kwenye kampuni ya ulinzi. Wa kwanza aliniambia nipige kesho. Wa pili alisema kampuni haina mbwa. Wa tatu alisema wanao, lakini wote wako kazini. Wa nne alikuwa wa kwanza tena. Wa tano, karani wa stoo, ndiye aliyenipa la maana: mbwa wao hufundishwa kukataa chakula cha mtu yeyote isipokuwa mlinzi wao, kwa kuwa wezi hutupa nyama yenye sumu getini. Jinsi mlinzi anavyomruhusu mbwa wake ale ni siri ya wawili hao.

Kwa hiyo kuna neno. Nimepata namba ya mlinzi.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimezungumza na mlinzi kwa dakika sita. Sauti nzito, mtu wa maneno machache. Nilimuuliza anatumia neno gani kumruhusu Koplo ale. Akasema hakuna neno. Ishara? Hakuna ishara. Filimbi? Hana filimbi. Akauliza Koplo ana kilo ngapi. Nikamwambia ishirini na nane na robo. Akasema mgongo unamuuma, akakata simu.

Nimewahi kuhoji mawaziri watatu na mtu mmoja aliyeuza daraja la serikali. Mtu anayeficha namjua. Huyu anaficha.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimeandika orodha ya maneno mia moja na nne ambayo mlinzi anaweza kumwambia mbwa. Nimekaa kwenye korido kuanzia saa tatu, kisahani cha biskuti katikati yetu, nikamsomea moja moja.

Matokeo: kwa "lala" alilala. Kwa "simama" alisimama. Kwa "rudi nyuma" alirudi nyuma hadi jikoni, ikabidi nimfuate na magongo. Kwa "kamata" alilikamata gongo langu la kushoto, bila hasira, na hakuliachia kwa dakika ishirini na tano kwa sababu neno la kuachia halikuwa kwenye orodha yangu. Mpwa alilijua. Alikuwa kazini.

Dada alisimama mlangoni muda wote huo, mikono ina unga, akiniangalia nimekalia sakafu nikimsihi mbwa. Akasema sasa anaelewa kwa nini magazeti hayanunuliwi.

Jumapili, 21 Desemba

Maneno mengine sitini. Hakuna.

Nilimkuta dada kwenye korido saa kumi alasiri, amechuchumaa. Alikuwa anamweleza Koplo toleo la kumi: ameyachemsha maini kwa maji kidogo yasipoteze nguvu, ameongeza mafuta ya samaki tone moja tu, amezikata biskuti kwa umbo la nyota kwa kuwa umbo la mfupa ni ushamba. Alikuwa anamweleza taratibu, kama anavyowaeleza wateja wanaouliza kwa nini mkate wa leo umechelewa. Aliponiona alisema amekuja kufagia.

Hakuwa na fagio.

Jumatatu, 22 Desemba

Kufunga mifuko. Utepe mwekundu, fundo la dada, kadi ndogo kwa mwandiko wangu. Themanini. Vidole vinanuka ini.

Kilo ishirini na saba.

Jumanne, 23 Desemba

Mifuko imefika kliniki saa mbili asubuhi. Kufikia saa nane mchana imekwisha, na watu wamerudi kuuliza. Mteja mmoja alisema mbwa wake, ambaye hajawahi kumtii, ameketi mbele ya kabati tangu asubuhi kama anasubiri hukumu. Daktari amesema hajaona kitu kama hicho miaka kumi na nne.

Dada alirudi na sifa hizo zote, hakukaa hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja korido, akamsomea Koplo sifa moja baada ya nyingine, na jina la kila mbwa. Koplo alisikiliza mpaka mwisho. Dada akaweka kisahani chini. Koplo akamtazama usoni, akageukia ukuta.

Dada alikiokota kisahani. Akaniuliza bila kunitazama kama Jumamosi saa sita ni saa sita kamili, au daktari ni wa kuchelewa. Nikamwambia nadhani ni wa kuwahi.

Tangu nije hapa nimekuwa nikiamini kwamba dada ana moyo mgumu. Nimepitia kurasa za nyuma nikaona sijaandika mahali popote kitendo kinachothibitisha.

Alhamisi, 25 Desemba

Sikukuu. Tumekula wali, kuku na mboga, sisi watatu, mimi na mpwa tumeketi, dada anazungukazunguka. Koplo alikuja mwenyewe kutoka korido, hatua za taratibu, akakaa karibu na meza. Mpwa alimtupia kipande cha kuku. Kilimwangukia mguuni. Hakukitazama.

Dada alisimama na kijiko mkononi akimwangalia. Kisha akasema kitu ambacho nilipaswa kukiona mimi, kwa kuwa ndicho ninacholipwa kukiona.

"Huyu haangalii chakula. Anaangalia mdomo."

Tukamwangalia sote. Mpwa alitafuna, Koplo akamtazama mpwa. Nikatafuna mimi, akanigeukia mimi. Tukaacha kutafuna, akasubiri.

Ijumaa, 26 Desemba

Nitaliandika kama lilivyotokea.

Saa mbili na dakika kumi asubuhi dada aliniomba simu. Nilimpa namba ya mlinzi, nikamwonya kuwa ni mtu wa kuficha. Akaniambia nikae kimya. Mpwa alikuwa mezani na uji wa Koplo, hakuna aliyeugusa.

Dada hakuuliza neno. Alijitambulisha kuwa ndiye anayempikia Koplo. Alimpa mlinzi pole ya mgongo, akamuuliza analalia upande gani, akamwambia aweke mto chini ya magoti. Dakika nne zilipita kwenye mgongo peke yake. Kisha akauliza:

"Ndugu yangu, wewe na Koplo mlikuwa mnakulaje?"

Simu ilikuwa kwenye spika, nimeandika majibu yote. Walikuwa na sahani moja ya bati. Mlinzi akitenga chakula, anakula yeye kwanza: anachukua kipande, anatafuna, anameza, anafungua mdomo Koplo aone kuwa hamna kitu. Halafu anaiweka sahani chini. Siku ya kwanza alifanya hivyo kwa sababu kulikuwa na habari za sumu na mbwa mdogo alikuwa anaogopa. Ya pili akarudia. Ikapita miaka minane.

Dada akamuuliza kwa nini hakumwambia ndugu yake alipopiga.

"Aliniuliza neno," mlinzi akasema. "Neno hakuna. Hakuniuliza habari ya kula."

Mpwa alinitazama. Nikatazama plasta yangu. Miaka thelathini na moja.

Nilijaribu kurekebisha. Nikachukua biskuti ya toleo la kumi na moja kwenye kisahani ambacho dada alikuwa amekwisha kukitenga, nikaila yote mbele ya Koplo, nikamwonyesha mdomo mtupu. Koplo alinitazama kwa heshima. Kisha akamgeukia dada.

Sauti ya mlinzi ikatoka kwenye simu ikiuliza nani ametenga. Dada akasema ni yeye. "Basi ale aliyetenga," mlinzi akasema. "Sumu ya sahanini haiwekwi na anayepita njia."

Tukamtazama dada. Matoleo kumi na moja, na dada hajaweka hata punje moja kinywani. Alisema ana unga mikononi. Mpwa akampa kitambaa. Alisema amekwisha kunywa chai. Mpwa akamtajia saa: imebaki siku moja na saa nne. Dada akachukua biskuti kama mtu anayeshika panya kwa mkia, akafumba macho, akaitia yote mdomoni.

Alitafuna muda mrefu. Lile ni toleo gumu. Alimeza, akafungua mdomo, akainama ili Koplo aone vizuri, kinywa wazi hadi kooni, mwanamke wa miaka sitini na tatu ambaye mtaa mzima unamwamkia.

Koplo alisogea. Alinusa mdomo wa dada, kushoto, kulia. Kisha akateremsha kichwa kwenye kisahani, akachukua nyota moja, akaivunja kwa meno ya nyuma. Sauti yake ilisikika mpaka kwenye simu. Upande wa pili mlinzi alipiga chafya au alifanya kitu kinachofanana na chafya, sikuuliza.

Dada alisema, "Mungu wangu, hazina chumvi kabisa."

Kwa kuwa alikuwa na wasiwasi, aliweka biskuti moja moja, na kila alipoweka mpya Koplo aliketi na kusubiri. Dada amekula saba. Wakati huo mlinzi alikuwa akijaribu kumweleza kuwa kipande kimoja kinatosha kwa sahani nzima, lakini mpwa alikuwa analia kwa sauti na hatukumsikia mpaka biskuti ya saba.

Jumamosi, 27 Desemba

Daktari alikuja saa sita kasoro dakika tano. Nilijua ni wa kuwahi. Alikuta dada na Koplo wakimaliza sahani ya maini na wali. Alifunga mkoba wake bila kuutoa mkono ndani, ikabidi aufungue tena. Kilo ishirini na saba na robo.

Jumatatu, 29 Desemba

Mvua imekatika. Mhariri amepiga, anataka habari nyepesi ya mwisho wa mwaka. Nimemwambia sina.

Ijumaa, 2 Januari

Toleo la kumi na mbili lina mdalasini kidogo na ufuta uliokaangwa. Mpwa ameliidhinisha. Ni la kwanza ambalo dada amelionja kabla yangu, kwa hiyo ni la kwanza zuri. Nimemwambia hivyo. Akasema pua yake haikuwa na kosa, maini ndiyo yalikuwa yanadanganya.

Jumanne, 6 Januari

Kilo ishirini na tisa. Kampuni ya ulinzi imeandika barua ya kumwachia Koplo dada. Imeandikwa na mtu wa pili, yule aliyesema hawana mbwa.

Jumatatu, 12 Januari

Plasta imekatwa leo. Mguu umetoka mwembamba na mweupe kwa vumbi la plasta. Nitaondoka kesho asubuhi.

Kuna jambo sikuwahi kuliandika kwa kuwa nilidhani ndivyo alivyo. Tangu shemeji afariki, miaka sita sasa, sijamwona dada akila amekaa. Hula kwenye oveni, dirishani, akiwa na kijiko mkono mmoja na trei mkono wa pili. Koplo hataki hivyo. Ukisimama anadhani zamu haijaisha, naye anasimama. Kwa hiyo mara mbili kwa siku dada anavuta kiti, anaketi, anatenga, anakula tonge la kwanza, anafungua mdomo. Halafu anamalizia sahani yake, kwa kuwa tayari amekaa.

Jioni hii nilifika mezani nikakuta sahani mbili, moja juu na moja chini. Nikauliza yangu iko wapi.

"Subiri kidogo, mdogo wangu," dada alisema huku akitafuna. "Mimi kwanza. Kisha Koplo. Wewe ni wa tatu."

Nimekula wa tatu. Wali ulikuwa bado wa moto.